Mlamula wa Kichwani

Kila mmea una tabia yake, na Khainza alizijua tabia za mimea kuliko alivyozijua za watu. Bogonvilia ukiubembeleza kwa maji, unakupa majani matupu. Uache na kiu, uuweke kwenye jua la kuchoma, ndipo unapofumka maua kana kwamba umekasirika. Kangaga ni kinyume chake: jua la saa sita likiugusa mara mbili tu, umekwisha. Waridi hutaka kukatwa bila huruma. Jakaranda ukiuchelewesha kwenye kiriba cha plastiki, mzizi wake mkuu hujikunja chini kama mkia wa nguruwe, na hata ukija kupandwa kwenye uwanja wa mfalme, utabaki kilema maisha yake yote.

Kitalu chake kilikuwa Nalufenya, mjini Jinja, kando ya barabara pale magari yanapopunguza mwendo. Huu ulikuwa mwaka wa tisa anakiendesha, yeye na Shamirah, mwanamke wa mtaa wa Walukuba mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

Mmea mmoja haukuwa na masharti, nao ni mlamula. Shina lake limenyooka, lina pete za makovu pale majani ya zamani yalipodondoka, na juu yake majani marefu yameinama kama ndimi zilizochoka. Kivulini unaishi, juani unaishi. Kinachouua ni kusimama majini, basi. Basoga, wenyeji wa Jinja, waliupa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuamua: ukipandwa mpakani, majirani hawagombani, wanautazama mti. Kwao Khainza, huko Mbale, una jina jingine lakini kazi ni ile ile, na nyingine juu yake: hupandwa kichwani mwa kaburi, ili jembe lisije likapita juu ya marehemu.

Siku hizi wenye nyumba kubwa wameugundua. Wanautaka mrefu, mnene, wakiusimamisha mlangoni kama pambo. Afande Opolot, mstaafu wa magereza aliyejenga nyumba yake juu ya ukingo wa mto, alikuja kitaluni akiwa bado anatembea kama anakagua mahabusu.

"Mimi nataka hii mlamula mbili mbili, kutoka geti mpaka mlango," alisema. "Ishirini na nne. Inyooke kama askari. Moja ikikosa, hiyo si gwaride tena, hiyo ni mgomo."

"Itakuwepo yote, afande."

"Na iwe kubwa, Khainza. Usiniletee makuruta."

Milamula ya kimo hicho haioteshwi kwa mwezi wala kwa mwaka. Inabidi itafutwe vijijini ilikokwisha kukomaa. Kazi hiyo ilikuwa ya Isiko, mtu wa Masese, ambaye zamani alisomba samaki kwa pikapu yake na sasa alisomba miti, ingawa harufu ya samaki haijapata habari kwamba kazi imebadilika. Siku alipompa oda, Khainza alimmiminia chai na wakazungumza kuhusu mahali miti mikubwa inapopatikana.

"Busoga wamemaliza kukata," Isiko alilalamika. "Mimi natoa wapi?"

"Unalia nini? Nenda Mbale. Kwetu kule chini ya mlima Wanale iko inayonipita mimi mara mbili. Imejaa kila mpaka." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: "Na usiniletee mashina yaliyokatwa tu. Ng'oa na mizizi. Yenye mizizi haipotezi muda."

Maneno hayo aliyasema huku akikoroga sukari. Hakuyafikiria tena.

* * *

Pikapu ilirudi Jumanne asubuhi. Khainza alikuwa na furaha ya namna mbili siku hiyo. Oda ya afande ilikuwa imetimia. Na Jumamosi ya juma lile lile, Mjomba Aloysius angefika nyumbani kwao Mbale na fundi wake, kulijengea kaburi la mama yake Khainza saruji. Miaka minne alikuwa anaisubiri Jumamosi hiyo.

Mama huyo, Nandutu, alikufa mwaka ule wa ugonjwa, mwezi wa sita, wiki ambayo magari yalikatazwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Khainza alikuwa Jinja, barabara imefungwa. Mama alizikwa na watu waliovaa plastiki nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni, na binti yake akapewa habari kwa simu. Mdogo wake, Lawrence, alimpigia baadaye akamwambia: "Dada, usihangaike. Nimepanda mlamula kichwani. Nimeufunga kwa mshipi wa gauni lake la gomesi, ule wa kijani wenye nyota za njano, ili upepo usiulaze. Hapotei." Neno hilo, hapotei, ndilo lililomwezesha kula tena. Alipofika baadaye alikuta mti umeshika, akaupigia magoti, akalia mpaka akachoka. Kila Krismasi alikwenda kuupigia magoti tena.

Sasa alikuwa amekaa juu ya debe akipanga mashina ya Isiko. Yaliyonyooka yaliwekwa mchangani kivulini yapumzike. Yaliyovunjika Shamirah aliyakata vipande vya shubiri moja moja, maana mlamula kila kipande huwa mti, mradi tu kisisimamishwe kichwa chini.

"Mguu kata mshazari, kichwa kata bapa," Khainza alimkumbusha. "Vikishachanganyika hapo hutajua kipi ni kipi. Ukikipanda kichwa chini kinaoza."

"Miaka tisa unaniambia," Shamirah alijibu. "Hata nikiota usiku nakata mshazari. Mume wangu anaogopa."

Khainza alicheka, akachukua shina lililofuata. Halikuwa nene kama mengine. Makovu yake yalikuwa mbalimbali, dalili ya mti uliokua haraka kwenye udongo uliotifuliwa, si mzee wa mpakani. Karibu na chini palikuwa na kiuno, shina limebanwa na kuvimba juu na chini yake. Aliijua dosari hiyo: mtu amefunga mti kwenye kijiti, akasahau kulegeza, na gome likakua juu ya kamba mpaka likaimeza. Alichukua kisu aitoe. Uzi ulitokea, kisha ncha ya kitambaa. Kilikuwa kimefifia karibu kuwa kijivu, lakini ndani ya mkunjo, pale gome lilipokificha na jua, kilikuwa kijani, na juu ya kijani kulikuwa na nusu ya nyota ya njano.

Kisu kilimponyoka.

"Umejikata?" Shamirah aliuliza.

Khainza alisimama na shina mkononi, akaenda mpaka alipokuwa Isiko akifunga turubai lake.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mbale."

"Mbale wapi, Isiko?"

"Kwenu!" Isiko aliona anastahili pongezi. "Si wewe ulinielekeza? Nilifika hapo chini ya mulima, nikauliza kwa kina Khainza wa maua, wakanionyesha kaka yako. Mtu muzuri sana. Alining'olea mwenyewe, na mizizi, kama ulivyosema."

"Na huu alikuwa ameupanda wapi?"

"Huo? Ulikuwa peke yake, katikati ya shamba. Nikamwambia, huo mudogo, acha. Akasema chukua wote." Ndipo Isiko alipoona uso wake. "Lafiki yangu, kuna nini?"

Khainza alikalia tofali. Nenda Mbale. Ng'oa na mizizi. Alitafuta mtu wa kumtupia lawama, na kila alipomkaribia mtu huyo alikuta amevaa uso wake.

Alimpigia simu Lawrence mara nne. Mara ya tano ikapokewa, akasikia pumzi tu.

"Lawrence, kichwani kwa mama kumebaki nini?"

"Dada, njoo tuongee," alisema, na simu ikakatika.

Kabla ya kuondoka kwenda Mbale ilimbidi ampigie afande, maana gwaride lingepungua mtu mmoja. Alitarajia kufokewa.

"Moja haipo? Khainza, nilisema nini mimi?"

"Afande, moja ilikuwa ya kaburi. Ya mama yangu. Waliing'oa bila kujua."

Alisikia kuku wakilia nyumbani kwa afande.

"Mama alikufa lini?"

"Miaka minne sasa."

"Na hiyo mti iko hapo na wewe?"

"Iko."

"Basi peleka yeye nyumbani," alisema afande, na sauti yake haikuwa ya gwaride. "Mimi ntangoja."

* * *

Alifika Mbale Jumatano mchana, shina limezungushiwa gunia bichi, amelipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Wanale ulikuwa umevaa mawingu hadi mabegani. Mpaka wa juu wa shamba lao ulikuwa mashimo matupu moja baada ya jingine, kama ufizi uliong'olewa meno. Lakini mpaka si kitu. Hata jirani alijua ulipita wapi. Khainza alitazama katikati ya shamba, mahali alipozoea kupiga magoti. Palikuwa na maharage. Maharage kila mahali, yamechanua maua meupe, mistari imenyooka.

Racheal, mke wa Lawrence, alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso kiunoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Karibu, wifi."

"Mmelima juu yake," Khainza alisema.

"Tumelima shamba, wifi. Watoto wanakula."

Lawrence alitoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Hakumkumbatia. Khainza alifungua gunia, akachukua uma mdogo wa kitaluni aliokuja nao, akaingia kwenye maharage.

Alikuwa na jambo moja analolijua ambalo Lawrence hakulijua. Mizizi ya mlamula ina rangi yake. Mizizi ya maharage ni myeupe, ya magugu ni ya kahawia, lakini ya mlamula ni ya rangi ya chungwa, kana kwamba imechovywa kwenye rangi. Na mti mkubwa haung'oki wote. Mizizi myembamba hukatika na kubaki ardhini, ikisubiri. Akiipata, angeifuata mpaka inapokutana, na hapo ndipo mti uliposimama, na hapo ndipo kichwa.

Alipiga magoti akaanza kutifua, shubiri kwa shubiri. Aliling'oa haragwe moja, akaliweka kando. La pili. Racheal alihesabu kwa macho kila mche uliolala. Jua lilimhama Khainza kutoka mgongoni hadi shavuni. Kisha, kati ya mabonge mawili ya udongo mwekundu, akaona uzi wa rangi ya chungwa.

"Upo," alisema. "Lawrence, upo!"

Aliufuata kwa vidole, bila kujali tena uma. Uzi ukakutana na uzi mwingine, mnene zaidi, kisha udongo ukawa laini ghafla, wa shimo lililofukiwa karibuni. Alilileta shina, akalilaza kando ya shimo, akalinganisha. Mzizi uliokatika kwenye shina na mzizi uliokatika ardhini ilikuwa na jeraha moja. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, machozi na kamasi vikimtiririka.

"Hapa ndipo kichwa. Umeona? Hapa hapa. Jumamosi fundi anaanzia hapa."

"Dada, acha kuchimba."

"Ninaupanda tu. Mjomba akute umesimama."

"Dada, acha." Lawrence alichuchumaa upande wa pili wa shimo. Alizungumza akiitazama mikono ya dada yake, si uso. "Mimi sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Siku ya kumzika. Na mimi nilikuwa nimelazwa, nawekewa hewa puani, nikakuficha. Racheal alikuwa kwao na watoto. Majirani walijifungia ndani. Wale watu walikuja, wakazika, wakaondoka. Nimetoka baada ya siku kumi na nane. Waliacha kijiti, nikaambiwa, lakini mvua ya mlimani ilikuwa imeshakibeba."

"Lakini udongo... kaburi jipya linajulikana, Lawrence."

"Shamba lote lilikuwa matuta ya viazi, vimetoka kuvunwa. Kila mahali palikuwa palaini. Kila mahali palifanana na kaburi. Ulikuwa unanipigia simu kila siku. Unalia, huli, Shamirah ananiambia huli. Unaniuliza, amelala wapi, amelala wapi. Nikachukua mlamula mpakani, nikaupanda hapa. Kwa sababu hapa kuna kivuli kidogo jioni. Nikafunga na mshipi wake ili niweze kukuambia kitu cha kweli, japo kimoja."

Khainza alikuwa bado ameushika uzi wa rangi ya chungwa. Mkono wake haukutaka kuuachia.

"Ndiyo maana uliuuza," alisema polepole.

"Ningeuuzaje mti wa kichwani kwa mama kama ningejua kweli uko kichwani?" Sasa ndipo alipomtazama. "Kila Krismasi unaupigia magoti, nami nimesimama nyuma yako. Ulipomtuma yule mtu, nikasema basi, Mungu ameuondoa."

"Sikumtuma aung'oe huo!"

"Alisema umesema na mizizi."

Racheal aliingia kati yao, akaokota miche ya maharage iliyong'olewa, akairudisha ardhini mmoja mmoja na kuikandamiza kwa kisigino. Mingine ingeshika. Haragwe lililokwisha kuchanua halipendi kuhamishwa, Khainza aliwaza, na akajichukia kwa kuwaza hivyo.

Siku mbili zilizofuata hawakuzungumza ila ya lazima. Khainza alijua angeweza kunyamaza. Shimo lilikuwepo, shina lilikuwa gumu na zima, na mlamula hushika popote. Huo ndio uzuri wake sokoni. Ungeshika juu ya kaburi, ungeshika juu ya viazi, na majani yangekuwa yale yale. Fundi angemwaga saruji, mjomba angeomba, watu wangekula, na Khainza angepata mahali pa kupiga magoti. Lakini mti huu uliitwa kwa kazi ya kuamua, na yeye alikuwa amekwisha kuuona ukisema uongo miaka minne bila jani hata moja kunyauka.

* * *

Jumamosi Mjomba Aloysius alikuja na koti lake jeusi, ingawa jua lilikuwa kali, na fundi nyuma yake na kamba na vigingi. Alikuwa kaka wa Nandutu, mzee wa Kanisa, mtu asiyependa kusubiri.

"Kichwa kiko wapi?" fundi aliuliza, akikunjua kamba.

Lawrence alimtazama dada yake. Angeonyesha popote ambapo yeye angetaka. Hilo lilikuwa wazi usoni mwake.

"Mjomba," Khainza alisema, "hatujui."

Akayasema yote. Alianza na sukari aliyokuwa akikoroga, akamalizia na kijiti kilichobebwa na mvua. Hakumficha Lawrence wala hakujificha. Mjomba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, mzee alitembea pembeni mwa shamba, kona hadi kona, polepole, akihakikisha kiatu hakikanyagi ndani. Alipozunguka na kurudi, uso wake ulikuwa umezeeka.

"Fundi, kunja kamba yako. Siwezi kumfunika dada yangu mahali asipokuwepo." Kisha akamgeukia Lawrence. "Yuko humu?"

"Yuko humu, mjomba. Hilo nina hakika."

"Basi shamba lote ni kaburi. Jembe lisiingie tena."

"Mjomba!" Racheal alipiga hatua. "Hili ndilo shamba letu. Hatuna lingine. Watoto watakula nini?"

"Mliambiwa mlime juu ya mama mkwe wako?"

"Tulikula humu miaka minne, na yeye hakusema neno. Angekuwa hai angetuambia tule."

"Angekuwa hai ningemuuliza," mjomba alisema. "Ng'oeni."

Racheal alifungua leso kiunoni, akaitandika chini, akaanza kung'oa maharage. Hakulia. Aliyang'oa kwa hasira na kwa uangalifu kwa pamoja, maana hata maua na majani machanga yangeweza kupikwa siku mbili au tatu. Khainza alikwenda kumsaidia.

"Usiguse," wifi yake alimwambia bila kuinua sauti. "Wewe nenda kashughulike na miti yako."

Akaenda. Alikaa kwenye ukingo wa shamba na shina lile moja mapajani. Kulizungushia shamba lote kungehitaji milamula mingi, na ile ya mpakani sasa ilikuwa imesimama Jinja ikingoja geti la afande. Lakini shina moja lina vipande vingi. Alianzia juu, akakata shubiri moja moja, kama alivyofanya maelfu ya mara. Alipofika kwenye kiuno, pale mshipi ulipokuwa umemezwa, hakukata. Alikitenga na mizizi, akakiacha kipande kile kizima, na kijani chake ndani.

Lawrence alikuja akachuchumaa kando yake. Alikuwa amechimba vishimo kuzunguka shamba, na mikono yake ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Akachukua kile kipande chenye kiuno, akakigeuza huku na huku.

"Kichwa ni kipi?" aliuliza.

Khainza alikipokea. Aliitazama ncha moja, akaitazama nyingine. Zote mbili alikuwa amezikata bapa. Miaka tisa hakuwahi kukosea hilo. Alitafuta makovu ya majani yamwambie, lakini hapo kwenye kiuno gome lilikuwa limejikunja na kufuta kila kitu. Upande wa pili wa shamba, Racheal alikuwa anafunga maharage kwenye leso.

"Sijui," alisema.

Lawrence alingoja, kiganja kimekunjuliwa.

"Kilaze tu," Khainza alimwambia. "Usikisimamishe. Kilaze ubavu, ukifunike udongo kidogo. Kitachipua upande kinaoujua chenyewe."